Umechaguliwa Kusomea Michezo? Soma Haya Kabla Hujafunga Begi

Jina likitoka kwenye orodha ya waliochaguliwa kusomea elimu ya viungo au ukocha, kuna swali litakalokufikia kabla ya pongezi: "Kwani kucheza nako kunasomewa?" Atauliza mjomba, atauliza jirani, na pengine atauliza mzazi aliyekuwa akikuombea uhasibu. Usigombane nao. Mjomba huyo huyo ndiye atakayekupigia simu miaka mitatu baadaye akitaka mwanawe aonekane kwenye majaribio ya timu.

Kwa Tanzania, milango inajulikana. Kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba mkoani Mwanza. Kuna Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza hiyo hiyo, ambacho walimu wengi wa michezo na sanaa wamepitia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara yake ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Ukivuka mpaka, kuna vyuo vikuu vya Kenyatta jijini Nairobi na Kyambogo jijini Kampala. Popote utakapoangukia, haya yatakufaa. Yatamfaa pia aliyeko mwaka wa kwanza na ameshaanza kushangaa mbona ratiba ina vipindi vingi vya darasani kuliko vya uwanjani.

1. Jua mapema: mwalimu au kocha?

Mwalimu wa elimu ya viungo hachagui. Anapewa darasa zima: mwenye kipaji, mwoga, mnene, mvivu, na yule anayesema kila wiki kwamba kasahau raba. Kazi yake ni kila mmoja wao atoke kipindini akiwa amecheza na amejifunza kitu. Kocha anachagua. Anaacha watu benchi, na Jumamosi kuna matokeo yatakayosomwa redioni.

Vyuo vingi vinafundisha yote mawili kwa pamoja, na hiyo ni heri, lakini cheti cha chuo si leseni ya ukocha. Hilo wengi huligundua wakiwa wameshavua joho. Soka ina ngazi za CAF: D, C, B, A, halafu Pro, na kozi zake hapa nchini huendeshwa kupitia TFF. Huruki ngazi. Unapata moja, unaifanyia kazi, ndipo unaomba inayofuata. Riadha, kikapu na wavu nao wana utaratibu wao. Ikitangazwa kozi ya ngazi ya chini mkoani kwako wakati wa likizo, nenda, hata ikibidi usherehekee Krismasi bila viatu vipya.

2. Miguu yako haitakufanyia mtihani

Kila darasa la mwaka wa kwanza lina nyota wake: aliyecheza ligi ya mkoa, aliyekwenda UMISSETA mara tatu, anayeitwa kwa jina la mchezaji wa Ulaya. Mwulize amempigaje chenga beki, atakujibu kwa kupiga chenga nyingine. Chuo kitamdai maelezo: uzito wa mwili ulikuwa mguu upi, bega lilielekea wapi, beki alidanganywa na nini, na mtoto wa miaka 11 afundishwe hatua ipi kwanza.

Colm O'Connell alifika Iten, Kenya, mwaka 1976 akitokea Ireland, kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's. Hakuwa mwanariadha wa kutajwa. Alijifunza kutazama watu wakikimbia, akatazama kwa miaka, na mmoja wa wale waliopita mikononi mwake ni David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012. Kwa hiyo kama wewe si nyota, usijifiche nyuma ya darasa. Na kama ni nyota, pole kidogo: una mengi ya kuanza kuyafikiria ambayo mwili wako umezoea kuyafanya bila kukushirikisha.

3. Anatomia isome kwa kujigusa

Hapa ndipo wengi hurudia mtihani. Majina ni ya Kilatini, mifupa ya mtu mzima ni 206, na mhadhara umepangwa saa nane mchana baada ya ugali. Dawa ni kutokariri ukiwa umekaa. Simama, kunja goti, shika nyuma ya paja: msuli unaojikaza pale ndio unaochanika kwa mkimbiaji wa mbio fupi anayetoka kwa kishindo bila kupasha mwili. Panda juu ya vidole, shika shavu la mguu. Sukuma ukuta, shika kifua. Kila jina lifunge kwenye tendo, litakaa.

Fiziolojia nayo ifunge kwenye saa. Katika sekunde 10 hivi za kwanza za nguvu zote, misuli hutegemea zaidi akiba iliyomo ndani yake. Ukiendelea kwa kasi kubwa hadi dakika moja au mbili, mzigo mkubwa unaangukia kwenye sukari inayochomwa bila kungoja oksijeni ya kutosha, na ndiyo maana mita 100 za mwisho za mbio za mita 400 huonekana kama mtu amefungwa mawe. Kuanzia hapo oksijeni ndiyo inayotawala. Ukishaelewa hilo, hutamwambia golikipa azunguke uwanja mara 15 "ili apate pumzi". Golikipa anaruka, anaanguka, anainuka, anapumzika. Mazoezi yake yafanane na kazi yake.

4. Chora uwanja kwa mikono yako

Utapangiwa shule ambayo uwanja ni eneo lenye majani, mbuzi wawili na goli moja lililoinama. Siku ya mashindano ya kata mkuu wa shule atakuita wewe. Hapo ndipo utakumbuka au hutakumbuka.

Kona ya uwanja hainyooki kwa kukadiria. Chukua kamba: pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na ulalo unaounganisha ncha hizo ukiwa mita 5 kamili, kona yako ni mraba. Ndiyo ile hesabu ya Pythagoras uliyoiuliza sekondari itakusaidia nini maishani. Vipimo vya soka viweke kichwani: goli ni mita 7.32 kwa 2.44, penalti ni mita 11, duara la kati lina nusukipenyo cha mita 9.15, na eneo la hatari linaanza mita 16.5 kutoka kila mwimo na kuingia ndani kiasi hicho hicho. Wavu ni mita 18 kwa 9, na neti yake iko mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake. Netiboli ni 30.5 kwa 15.25. Kikapu, 28 kwa 15.

Riadha ndiyo huumbua watu. Mwanafunzi wa njia ya nje akianzia mstari mmoja na wa ndani katika mbio za mzunguko mzima, umempunja, na wazazi wataliona hilo kabla yako. Kwa njia yenye upana wa kawaida wa mita 1.22, kila njia ya kuelekea nje huanza mita 7 na ushei mbele ya ile iliyo ndani yake. Uzuri ni kwamba tofauti hiyo haitegemei ukubwa wa uwanja. Iwe mzunguko rasmi wa mita 400 au wa mita 200 uliochorwa kwa majivu nyuma ya jiko la shule, hesabu ni ile ile, maana inatokana na upana wa njia mara mbili mara pai. Lifanye hili mara kadhaa ukiwa bado chuoni, na chokaa halisi, ukiwa na mtu wa kukucheka.

5. Watoto sitini, mipira miwili

Kama ningeruhusiwa kidokezo kimoja tu, ni hiki.

Kipindi kina dakika 40. Mwalimu asiyejipanga anawapanga watoto 60 mstari mmoja mbele ya goli, mmoja mmoja apige shuti. Kila mmoja anatumia sekunde 20 hivi. Piga hesabu: mstari unamalizika baada ya dakika 20. Ina maana mtoto atagusa mpira mara mbili kipindi kizima, na dakika 39 zilizobaki anasukumana na wenzake, anachora chini kwa kijiti, anaomba ruhusa ya kwenda kunywa maji. Halafu mwalimu analalamika kwamba watoto wa siku hizi hawapendi mazoezi.

Gawa. Makundi sita ya watoto kumi kumi, vituo sita, kengele kila dakika tano. Viwili tu vina mipira. Cha tatu wanakimbia kupokezana vijiti, na kijiti kinapatikana kwenye mti wowote. Cha nne wanaruka kamba. Cha tano wanapasiana kwa mipira ya makaratasi na nailoni, ile ile ya chandimu waliyoikuta mtaani; wape wao wenyewe kazi ya kuisuka wiki moja kabla. Cha sita wanacheza rede.

Na usiidharau rede. Mtu wa katikati anakwepa, anageuka, anasoma mkono wa mrushaji kabla mpira haujatoka. Warushaji nao wanajifunza kulenga shabaha inayokimbia. Huo ni msingi wa mpira wa mikono, na wasichana wengi wanafika darasani wakiwa wameshaumudu kuliko mwalimu wao. Kombolela ina mbio fupi na kubadili mwelekeo ghafla. Andika kwenye daftari michezo yote uliyocheza utotoni, kisha mbele ya kila mmoja andika unajenga nini: kasi, wepesi, uwiano wa mwili, shabaha. Ukimaliza utakuwa na akiba ya vipindi vya muhula mzima bila kuomba shilingi kwa mtu.

6. Filimbi si redio

Ipulize kuanza, kusimamisha na kumaliza. Ukitaka kuzungumza, simama wewe ukitazama jua, ili watoto walipe mgongo. Sema maneno machache, onyesha mara moja, waachie wafanye. Mhadhara wako wa dakika kumi kuhusu historia ya wavu uweke kwenye mtihani.

7. Chukua mchezo unaoukimbia

Wavulana hukimbia netiboli. Wasichana wengi hukimbia ukocha wa soka kwa kuogopa kelele za jukwaani. Wote hukimbia sarakasi na kuogelea. Shule haitauliza unapenda nini. Itakuwa na timu ya netiboli isiyo na kocha na mashindano yakiwa wiki mbili mbele. Jua angalau kwamba wako saba kila upande, kila mmoja ana eneo lake, na mpira haushikwi zaidi ya sekunde tatu. Chukua na mafunzo ya uamuzi. Kocha aliyewahi kushika filimbi hubishana na refa kwa akili zaidi, au basi hubishana kidogo.

8. Huduma ya kwanza uijue ukiwa usingizini

Mtoto akitegua kifundo, kuna mtu mzima mwenye nia njema atakayekuja na dawa ya kuchua inayowasha, akaanza kukanda palepale. Mzuie kwa heshima. Jeraha bichi linataka kupumzishwa, kuwekewa kitu cha baridi kilichozungushiwa kitambaa, kufungwa bandeji isiyobana sana, na mguu kuinuliwa. Kuchua na joto visubiri.

Aliyegongwa kichwa akaduwaa, akatapika, au akakuuliza matokeo ni ngapi wakati alifunga yeye: anatoka, anapelekwa kuonwa na daktari, na siku hiyo harudi uwanjani hata kama ndiye nahodha na zimebaki dakika tano. Utapigiwa kelele. Vumilia.

Mtu mzima akianguka mwenyewe, haitikii, na hapumui kawaida, mwite mwenye gari, na wakati huohuo kandamiza katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kama umefunzwa kupuliza pumzi, ni 30 kwa 2. Haya hayasomwi gazetini yakaisha. Dai chuo kikupeleke kwenye mafunzo yenye mdoli wa kufanyia mazoezi, na urudie kila mwaka.

9. Usiguse vijeba

Kila anayeijua michezo ya shule anamjua kijeba: ana ndevu, ana mtoto nyumbani, na fomu yake inasema kidato cha pili. Mwaka 2005 timu yetu ya vijana chini ya miaka 17, Serengeti Boys, ilifuzu fainali za Afrika nchini Gambia, kisha ikaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji. Vijana wengine wote waliostahili walikaa nyumbani. Siku hizi mambo yamekaza zaidi. FIFA imekuwa ikitumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la umri huo tangu 2009.

Lakini nje ya udanganyifu kuna jambo gumu zaidi, na darasani utalisoma kwa kirefu. Watoto wawili wa miaka 13, wamezaliwa mwezi mmoja, wanaweza kupishana miaka kadhaa kimwili. Mmoja amebalehe, ana mapaja, anashinda kila mpira. Mwingine bado. Kocha wa haraka anamchukua wa kwanza na kumwambia wa pili arudi mwakani. Wa pili harudi. Ukimwekea nafasi, hata dakika 15 kwa mechi, unaweza kuja kumkuta akiwa na miaka 17 amemfikia mwenzake kwa urefu, na juu ya hapo ana ufundi aliolazimika kuujenga alipokuwa hawezi kutumia mabavu.

10. Wasichana wawe na uhakika na wewe

Hili halina utani. Usibaki chumbani peke yako na mwanafunzi. Ukilazimika kumshika kumsahihisha mkao, mwambie kabla, na wengine wakiona. Usimpigie simu usiku kuhusu "mazoezi ya ziada". Nafasi ya timu haiuzwi kwa chochote. Ukiona mwenzako anafanya hivyo, hujaona siri. Umeona kosa la kuripotiwa.

Yaliyobaki ni ya kawaida na yanarekebishika. Uliza kama shule ina mahali pa kubadilishia nguo na taulo za kike kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Anayecheza kwa hijabu acheze. FIFA iliiruhusu rasmi mwaka 2014. Na ukisikia mtu akisema soka la wasichana ni la kupoteza muda, mkumbushe kwamba Serengeti Girls, chini ya kocha Bakari Shime, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la U17 nchini India mwaka 2022.

11. Mlemavu asiwe mtunza mabegi

Ndiyo kazi anayopewa kwenye shule nyingi: akae kivulini alinde nguo za wenzake. Mwaka huo huo wa 2022, Tembo Warriors, timu yetu ya soka la walemavu, ilicheza Kombe la Dunia Uturuki. Wachezaji wa ndani hutumia magongo na mguu mmoja, golikipa hutumia mkono mmoja. Wavu wa kukaa chini unahitaji kushusha kamba tu. Mpira wenye njugu ndani ya mfuko wa nailoni unasikika na asiyeona. Jaribu na darasa lote. Wenye miguu miwili ndio watakaohangaika.

12. Tazama mchezo ukiwa na kalamu na saa

Chagua mchezaji mmoja asiye na mpira, mfuate kipindi kizima cha kwanza. Utashangaa mpira ulivyokuwa ukikuzuia kuona mechi.

Kwa riadha, tafuta picha za Filbert Bayi akikimbia mita 1500 Christchurch, Februari 1974. Alitoka mbele tangu mwanzo akawaburuza wote hadi rekodi ya dunia ya dakika 3:32.16, na John Walker aliyemfuata naye akawa chini ya rekodi ya zamani. Pima kila mzunguko kwa saa yako, kisha jiulize ungemshauri nini mkimbiaji mwenye mwili ule. Halafu tazama Alphonce Simbu kwenye marathoni ya Tokyo, Septemba 2025: baada ya kilomita 42 na ushei, dhahabu iliamuliwa kwa tofauti ya sekunde 0.03. Mazoezi ya mbio fupi kwa mkimbiaji wa marathoni yanahitaji hoja gani zaidi ya hiyo?

13. BTP: kilinde kipindi chako

Kwenye BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, utakutana na mwalimu wa hesabu, mtu mwema kabisa, atakayekuomba kipindi chako "kwa leo tu" maana mtihani umekaribia. Mtihani huwa umekaribia mwaka mzima. Usimjibu kwa hasira. Mwonyeshe azimio la kazi na andalio la somo, lenye lengo, hatua na namna utakavyopima. Kipindi chenye karatasi hakiporwi kirahisi kama kile cha "leo mkacheze". Omba pia kipangwe asubuhi, kabla jua halijawa kali, na kamwe si mara baada ya chakula.

14. Ajira usiitafute mlango mmoja

Ualimu wa shule ndio unaojulikana, lakini halmashauri zina maofisa michezo, akademi zinataka watu wa watoto, na jimu za mijini zinahitaji wanaojua tofauti ya msuli na mshipa. Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa uenyeji wa AFCON 2027. Mashindano ya namna hiyo yanahitaji watu wengi wasiogusa mpira kabisa. Kila timu unayoifundisha, hata ya mtaani, iwekee kumbukumbu: tarehe, idadi ya mazoezi, vipimo vya mwanzo na vya mwisho. Mwajiri akikuuliza umefanya nini, usimsimulie, mfungulie daftari.

15. Vitu vyako mwenyewe

Filimbi mbili, saa ya kupimia, koni kumi, kamba ya mita 30 na futi ya mita 50. Andika jina kwa rangi isiyofutika kwenye kila kimoja. Futi hasa usiiazimishe siku ya bonanza, hata kwa mlezi wa hosteli.